Uso wa Huguette

Huguette alizaliwa upande wa Mahagi, na alizaliwa na uso wa matanga. Huzuni hakuwa nayo. Alikuwa mtu wa furaha ya kawaida kabisa, anapenda samaki mubichi, redio na usingizi wa mchana. Ila furaha yake ilikaa ndani kama mkwe aliyekuja kutembea, haitoki hata kufika mlangoni. Nje ulibaki uso mrefu, nyusi zimeangukia pembeni, mdomo umeinamia chini kama mtu anayetafuta sindano.

Alipofika miaka sita, familia iligundua faida yake. Kila palipokuwa na msiba walimkalisha mbele, karibu na sanduku, na wageni wakimtupia jicho moja tu machozi yanaanza kuwatoka bila kuombwa. Kulikuwa na mjomba mmoja ambaye hakupendwa na mtu yeyote kutoka Mahagi mpaka ziwani, hata na mbwa wake. Siku ya kumzika, kwa kazi ya uso wa Huguette, alililiwa kama askofu.

Alipokuwa mkubwa walimpeleka ziwani kwa shangazi yake Elisabeth, kukausha samaki kwa moshi. Huko alikaa miaka minne. Moshi ule ulimwingia kwenye nywele, kwenye kitenge, kwenye sala. Hata akiwa kanisani paka walikuwa wanamfuata. Mwishowe alipanda lori la mihogo, akashuka Bunia, akaapa kwamba samaki na yeye sasa watakutana kwenye sahani tu. Akapata kazi katika mtaa wa Mudzipela kwa Mama Geneviève.

Mama Geneviève alikuwa na malewa, nyumba ndogo ya chakula yenye meza nne: sombe ya majani ya mihogo, maharagi, chai na mandazi. Kwenye ubao wa nje paliandikwa KAFÉ kwa sababu mwandishi wa ubao alikuwa na rangi ya herufi nne peke yake. Wahudumu walikuwa wawili, Huguette na Joyeuse. Joyeuse alikuwa anacheka kila kitu. Alicheka mvua, alicheka maharagi yakichemka, siku moja alimcheka inspekta wa usafi mpaka inspekta akaenda kujitazama kwenye kioo. Kazi iliendelea hivyo, wateja watatu asubuhi, wawili mchana, na Huguette akaona kwamba mbingu inawezekana.

Basi Mama Geneviève akashikwa na tifoidi.

Alilala majuma matatu, na kando ya kitanda binti yake alimwachia simu yenye filamu moja tu ndani: katuni ya Wajapani, ya wasichana wanaofanya kazi kwenye kafé. Mama Geneviève aliitazama yote, akarudia yote. Katika ile katuni hakuna mtu anakufa, hakuna anayeolewa, hakuna hata anayetukanwa. Msichana anaangusha sahani, anaomba radhi, wote wanalia, halafu wanakula keki. Hapo kipindi kimekwisha. Lakini ile kafé yao inajaa watu. Mama Geneviève, akiwa na joto la mwili la kukaangia yai, aliona kwamba Mungu anamwonyesha njia.

Aliporudi kazini alikuwa mwembamba na hatari. Aliwapanga wasichana ukutani, akawatangazia sheria. Watavaa gauni nyeusi na aproni nyeupe, na kitambaa cheupe kichwani. Watasimama mlangoni kwa mstari na kuinama kila mteja akiingia. Watachora maua juu ya maziwa ya chai. Tena watatabasamu. Hapo alimgeukia Huguette.

"Weye, mwanangu, nakupenda kama mutoto wangu," alisema. "Lakini kama Siku ya Mungu, Jumapili hii, inafika na haujacheka, na viti haviyajaa, nitamuita musichana Orly kule Iga Barrière, achukue kazi yako. Ule anacheka hata kama analala."

Huguette alijua maana yake. Shangazi Elisabeth alikuwa ameshapiga simu mara mbili kusema kwamba samaki ni wengi mwaka huu na mikono haitoshi.

Usiku huo alijaribu kutabasamu mbele ya kioo. Alivuta pembe za mdomo kwa vidole, akaziachia, zikarudi mahali pake kama mlango wa kanisa.

Gauni alizishona fundi Vahwere, kwa kitambaa cheusi kilichobaki kwenye joho za wanafunzi waliotarajiwa kumaliza chuo kikuu na hawakumaliza. Michoro ya maziwa ilisumbua zaidi. Katuni ilionyesha paka, kwa hiyo walianza na paka, wakamwekea kikombe motari mmoja, mwendesha pikipiki ya kukodi, aitwaye Mbusa. Mbusa akachungulia ndani ya chai, akasukuma kikombe kwa kidole kimoja, akauliza kwa heshima ni mchawi gani amemtuma yule paka. Paka akafutwa kwenye sheria. Maua nayo yalimshinda Huguette; kwa poda ya kakao mkono wake ulijua kupiga mstari mmoja wa kusimama na mmoja wa kulala, basi. Ua lake lilitoka msalaba. Mama Geneviève alisema haidhuru, wateja wengi ni Wakatoliki.

Kulikuwa pia na lile neno la mlangoni. Katika katuni wasichana wanasema kwa sauti kubwa, "Karibu nyumbani, bwana wetu." Walilijaribu kwa huyo huyo Mbusa, ambaye alikuwa amerudi kuchukua kofia yake.

"Nyumbani kwangu kuko mwanamuke," Mbusa alijibu, akitazama barabara yote kushoto na kuume. "Mukisema ile neno tena, museme pole-pole."

Mama Geneviève alilipima shauri lile, akaliona la busara. Tangu hapo wangesema "karibu" tu, kwa sauti ya chini, macho yakitazama ardhi.

Kwa vile ukuta wa ndani ulikuwa umepakwa rangi ya waridi na haujakauka, alitandika turubai nje, akakodi viti vya plastiki hamsini kwa yule yule anayekodisha kwa wote wa Mudzipela, na kwa kukosa maua ya Kijapani akasimamisha matawi ya ngazi, yaani michikichi, pande mbili za njia. Halafu akaenda nyuma, jikoni, kukaanga mandazi, kwa sababu katika katuni mwenye kafé haonekani.

Alhamisi, saa mbili ya asubuhi, Mudzipela iliamka ikaona hivi: turubai, viti vya plastiki kwa safu, matawi ya ngazi barabarani, na wasichana wawili wenye nguo nyeusi na vitambaa vyeupe kichwani, wameinamisha vichwa. Na mmoja wao alikuwa na uso wa Huguette.

Wa kwanza kusimama alikuwa Muzee Sylvestre, mwalimu wa zamani aliyekuwa akipita kwenda kununua betri. Alivua kofia. Alishika mkono wa Huguette kwa mikono yake yote miwili, akautikisa kidogo, akaenda kuketi safu ya pili. Huguette, kwa malezi ya kwao, alimpelekea chai akapiga goti. Muzee alitazama ule msalaba juu ya maziwa kwa muda mrefu, akasema taratibu kwamba familia imejipanga vizuri.

Sasa, kuna sheria moja ambayo haikuandikwa popote na kila mtu wa Bunia anaijua: ukifika kwenye matanga, hauulizi nani alikufa. Kuuliza ni kutangaza kwamba familia ile hauijui, na kama hauijui umefuata nini, chai? Unaketi, unasikitika, unangoja mwingine ataje jina. Muzee Sylvestre alingoja. Mama wawili waliotoka misa waliketi nyuma yake, nao wakangoja. Motari sita walizima pikipiki zao na kuzisukuma kwa mkono, kwa heshima. Saa ine hapakuwa na kiti kitupu, na watu hamsini walikuwa wanangojeana jina.

Joyeuse ndiye aliyeharibu, au aliyetengeneza. Alipoona mama mmoja anashuka na kuni kichwani, kuni za kupikia matanga, akaanza kucheka. Alijiziba mdomo kwa aproni, mabega yakamruka. Mara wanawake watatu walimzunguka, wakamkalisha pansi, wakamfungua vifungo vya shingoni.

"Masikini," mmoja aliwaambia wenzake. "Huyu njo mwenye alimupenda sana marehemu."

Joyeuse akacheka mpaka machozi, na kwa kuona machozi, safu yote ya tatu ikaanza kulia naye. Wahenga walisema kilio cha wengi ni arusi, lakini hawakusema nani analipa chai. Vikombe vilikuwa vinakwenda na hakuna aliyefikiri kutoa kitu. Nani analipa chai ya matanga?

Huguette aliyajua matanga kama samaki anavyolijua ziwa. Alielewa kwamba haya ni matanga wakati bibi mmoja alipomkumbatia na kumwambia kwamba kufa ni kwetu wote, na yeye, mdomo wake, kwa mazoea ya tangu miaka sita, ukajibu wenyewe, "Aksanti mama, Mungu alitoa." Alisimama pale na sinia mkononi, akasikia harufu ya moshi wa samaki ikimfuata kutoka mbali.

Alikimbilia jikoni. Mama Geneviève alikuwa katikati ya mvuke, mgongo kwa mlango, anageuza mandazi. Huguette alianza kueleza, lakini nje kwaya ya parokia ilikuwa imefika na imeshashika wimbo, na Mama Geneviève aliinua kidole akatega sikio.

"Unasikia? Na mule katika simu kulikuwa muziki," alisema, na uso wake uling'aa kwa mafuta na imani. "Enda ucheke, mwanangu. Siku ya Mungu iko karibu."

Aliporudi nje, shefu wa kartié, mkuu wa mtaa, alikuwa amesimama katikati ya turubai. Jina lake Dominique, na kwa kazi yake hakuna mtu anayeruhusiwa kufa, kuzaliwa wala kuhama bila kuandikwa katika kaye, daftari lake la kijani. Alikuwa amekasirika. Watu hamsini, kwaya, kuni, na yeye amepata habari kwa muuza mkaa. Sheria ya kutouliza haimfungi shefu.

"Nani alikufa hapa?" akauliza.

Kwaya ilinyamaza. Watu hamsini waliinama mbele kwa pamoja, kila mmoja na sura ya mtu anayejua jibu lakini amewaachia wengine. Wote wakamtazama Huguette.

Akisema hakuna, hawa watu watainuka wakiwa wamechekwa, na hakuna hata mmoja atakayekanyaga hapa tena. Jumatatu atakuwa ziwani. Akitaja jina la mtu, Mungu anaweza kufikiri ni ombi. Aliangalia turubai, akaangalia ubao wa KAFÉ uliopauka.

"Ni malewa," alisema. "Malewa ya Mama Geneviève. Ile ya meza ine."

Shefu Dominique alishika kalamu hewani.

"Ilikuwa na miaka kumi na moja," Huguette aliendelea, na kwa sababu ule ndio uso aliokuwa nao, hakuna aliyefikiri anacheza. "Haikukosea mutu. Iliamuka kila siku, ikapika maharagi, ikangoja batu. Batu hawakukuya. Siye wawili njo tulibakia nayo mpaka mwisho."

Ndipo Muzee Sylvestre alipoinuka polepole, kofia kifuani, akasema kwamba yeye marehemu alimfahamu. Marehemu alimlisha sombe mwaka ule mkewe alipokuwa amehama kwa hasira. Halafu yeye, Sylvestre, mke aliporudi, hakupita tena hata kusalimu. Aliketi akajipangusa macho. Motari mmoja alisimama kukiri kwamba kila asubuhi alipita mbele ya mlango wa marehemu akienda kunywa chai kwa wengine. Mama wa kuni alisema maharagi yale hayakuwa na mawe, na maneno hayo yaliwagusa watu kuliko yote. Walitoa ushuhuda zaidi ya saa nzima. Hata Mbusa alisema jambo, ingawa hakutaja paka.

Shefu alitaka sababu ya kifo. Huguette akamwambia: kukosa wateja. Akaiandika, akapiga mstari chini.

"Na hii?" akauliza, akionyesha kwa kalamu ukuta wa waridi ulioonekana mlangoni.

"Hii ilizaliwa leo," Huguette alisema.

Shefu alifikiri, akageuza ukurasa upande wa waliozaliwa, akaandika KAFÉ, jinsia akaacha wazi. Muzee Sylvestre alisema haifai kula bure kwa mtoto wa siku moja, tena yatima, na beseni likazunguka safu kwa safu kama linavyozunguka kwenye matanga yote, mpaka likarudi zito.

Ni hapo Mama Geneviève alipotoka jikoni na sinia ya mandazi, amevaa kitambaa cheupe chake mwenyewe, akainama na kutabasamu kwa meno yote aliyojifunza kwenye simu. Watu walitazamana kwa huruma. Mjane, walinong'onezana, bado habari haijamwingia.

Ijumaa walirudi, kwa sababu mtu haachi wafiwa siku ya pili. Jumamosi walirudi kwa kuondoa matanga, na Shefu Dominique alihakikisha hakuna aliyekosa. Siku ya Mungu walirudi kwa mazoea, wakaketi, wakavua kofia, wakaagiza chai ya msalaba na kulipa.

Huguette alisimama mlangoni akahesabu viti, hakuna kitupu. Orly angebaki Iga Barrière na samaki wangebaki ziwani. Furaha ilimpanda kutoka tumboni, ikapita kifuani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ikafika mlangoni ikatoka nje. Alitabasamu. Midomo ilipanda, meno yalionekana, nyusi zilikwenda mahali ambapo hazijawahi kufika.

Muzee Sylvestre alipaliwa na chai. Mama mmoja alifanya ishara ya msalaba na kumfunika mtoto macho. Joyeuse, kwa mara yake ya kwanza pia, aliacha kucheka.

Mama Geneviève alikuja mbio kutoka jikoni, akamshika Huguette mabega, akamgeuza uso kwa ukuta.

"Basi, mwanangu, imetosha, nimeona," alimwambia polepole, asisikiwe na wateja. "Sasa rudisha ile ingine."