Kasia la Shangazi Skola

Juzi, pale Ilembo, fundi alikuwa anakata mguu wa kitanda changu kwa msumeno, nami nikashindwa kutulia. Nikaenda barabarani, nikarudi, nikatoka tena. Sauti ile ilinirudisha Ugalla, kwenye mchana mmoja ulionuka nta na moshi wa wavuna asali.

Shangazi Skola alikuwa bingwa wa mashindano ya mitumbwi mtoni kwetu. Hata wanaume aliwaacha nyuma. Kila siku nilimsumbua: "Shangazi, na mimi nifundishe." Mchana ule sikumpa hata nafasi ya kumaliza ugali wake. Akanyanyuka, akanisimamisha wima uani, akalisimamisha kasia lake kando yangu. Lilinipita kichwa. Akaingia ndani, akatoka na msumeno.

Akaanza kuukata mpini. Kasia lile lile la ubingwa, alilochongewa na marehemu babu! Unga wa mbao ukawa unamwagikia miguu yangu, nami nikalia, nikiamini nimemuudhi mpaka ameamua tukose wote.

"Nyie watoto mna haraka!" akasema, akipangusa jasho. "Haya, shika. Sasa ni saizi yako. Twende mtoni."

Nilimwacha nyuma kwa mbio, machozi hayajakauka. Mashindano yaliyofuata Shangazi hakuingia majini. Alisimama ukingoni, mikono mitupu, akiliita jina langu mpaka sauti ikamkauka. Nilishangaa tu kwa nini hashindani.

Nilidhani nyumbani analo kasia lingine.