Bega Ambalo Baba Mkwe Hakuligusa

Siku ile ilianza kama siku yoyote ya kuchuma majani chai. Tuliishi upande wa Magwagwa, karibu na mpaka wetu na kabila jirani, na kufikia saa tatu asubuhi kikapu changu kilikuwa nusu. Mume wangu alikuwa kazini Kisii mjini. Nyumbani nilibaki na baba yake, mzee ambaye watu walitoka mbali kama Nyaramba kumletea mabega yaliyoteguka. Aliyarudisha huku akimsimulia mgonjwa vituko vya ng'ombe wake. Kabla hujamaliza kucheka, bega liko mahali pake.

Mapigano ya mpakani tulikuwa tumeyazoea. Moshi ulipopanda ng'ambo ya mto, nilimfungua ng'ombe wetu kando ya shamba, bila haraka, tumwondoe. Nikazungusha kamba mkononi mara mbili, kosa ambalo hapa hata mtoto hukatazwa.

Bunduki ikalia.

Ng'ombe akaruka. Nikasikia kitu kikichomoka begani.

Tulijificha kwenye michai, mimi na mzee, hatua nne kati yetu. Tulisikia paa la nyumba yetu likianguka.

"Tata," nikamwita, "bega limetoka. Nirudishie."

Kwetu baba mkwe hamgusi mokamwana, mke wa mwanawe. Tunaiita chinsoni, heshima yenye aibu ndani yake. Mzee alinyoosha mikono, akaitazama, akaishusha.

"Mokamwana, siwezi. Shika mti, legeza mwili. Jaribu mwenyewe."

Akanipa mgongo, akawa ananielekeza kwa sauti ya chini. Niliuma leso nisipige kelele. Bega halikurudi. Nilimsikia akilia, na nikamchukia.

Barabara ilifungwa siku mbili. Tulikaa kanisani pamoja na wengine waliochomewa nyumba. Wanawake walinivuta mkono kama mzee alivyowaeleza akiwa amesimama nje ya mlango, wakazidisha uvimbe tu. Mwenye kujua kazi alikuwa pale pale, na hakuna aliyethubutu kumwambia aingie. Hata mimi sikuthubutu tena.

Hospitalini walilirudisha nikiwa nimetiwa usingizi. Daktari akasema tumechelewa, misuli imechanika na neva imeumia.

"Hakukuwa na mtu wa kukusaidia mapema?"

"Hakukuwa," nikasema.

Nyumba tulijenga nyingine. Ng'ombe hatukumwona tena. Mkono wangu hauinuki kupita kifua. Nachuma majani kwa mmoja, na nywele nasukwa na jirani, ambaye hunivuta kama anang'oa magugu.

Mzee hajashika bega la mtu tangu siku ile. Watu huja, akawaambia mikono yake imezeeka, nao hurudi walikotoka. Chuki yangu imeisha. Nilichobaki nacho ni huruma, nayo hainisaidii kunyanyua kikapu.

Kila asubuhi mzee husimama uani, hatua nne kutoka nilipo, akaniuliza kama mkono umepanda kidogo.

"Umepanda, Tata," namjibu.

Hunishukuru, kisha huitia mikono yake mifukoni.