Tundu la Mdomo wa Kukhu

Naikumbuka siku ile, mwanangu, nilipomtazama kukhu, mama yake baba, akinywa uji. Tone lilimtoka kwenye tundu chini ya mdomo, akalifuta kwa kidole, akaendelea na habari zake. Nilikuwa na miaka kumi na minne, huko Malava, uhuru ukiwa unakaribia, nami nilikuwa mtoto wa kuchungulia kila kitu, hata chungu cha jirani.

Enzi za usichana wake, tundu lile lilivalishwa kijiwe cheupe, vijana wakageuka kutazama. Kilikaaje humo? Kiliuma? Kuuliza si ujinga, lakini mimi sikuuliza. Nilichukua mwiba wa mlimau nikajitoboa mdomo, nikapachika kipande cha waya wa shaba. Tena shuleni nilikuwa nimechaguliwa kuanzisha wimbo siku ya sherehe za uhuru, kwa hiyo nikawaza Malava nzima itaniona nikiimba huku mdomo unang'aa.

Siku ya tatu mdomo ulivimba hadi kidevuni. Nikajifunika leso, nikasingizia jino. Mficha maradhi kilio humuumbua: kufika mchana homa ilinitetemesha, mate hayamezeki. Baba alinipakia kwenye baiskeli hadi zahanati. Dresa, yule mhudumu wa kutibu vidonda, aliutoa waya, akakamua usaha, akanidunga sindano. Alimwambia baba kwamba tungechelewa, uvimbe ungeshuka kooni ukaniziba pumzi.

Siku ya sherehe nilikuwa mkekani. Kutoka uwanjani nikasikia wimbo wangu ukianzishwa na msichana mwingine. Nililia, mwanangu, na hata leo nikiusikia naona uchungu.

Kukhu ndiye aliyebaki nami. Hakunigombeza. Aliuvuta mdomo wake chini, akaniambia nitazame. Siku zote nilidhani meno yake ya chini yaling'olewa kwa mila, kama ya wazee wenzake.

"Haya hakuna mtu aling'oa," akasema. "Jiwe lilisugua ufizi mpaka yakatoka yenyewe, moja moja. Watu walionanga jiwe kwa nje. Huku ndani nilikuwa peke yangu."

Nikamuuliza mbona hakuniambia mapema.

"Ulikuwa unachungulia tu. Haukuniuliza."

Basi wewe uliyeniuliza jana kama kutoboa ulimi kunauma, umenishinda akili. Kunauma, ila maumivu ndiyo madogo. Mdomo haukosi vijidudu, na kidonda cha humo hakipati nafasi ya kukauka. Chuma hugonga meno yakapata ufa, husugua ufizi, na kikilegea unaweza kukimeza au kikakupalia. Ulimi nao ukivimba, hewa ipite wapi? Ukiamua kukaa bila, hujapungukiwa na kitu. Na kama umeshatoboa bila kuniambia, usijifunike leso kama mimi. Ukiona uvimbe, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mungu akulindie kinywa chako. Ule mahindi ya kuchoma kwa meno yako mwenyewe hadi uzeeni, na siku utakayoitwa kuanzisha wimbo, uwepo.