Majembe Yaliyobaki Juu

Mwanangu, nakumbuka mchana mmoja shambani Kakese tukipalilia mahindi ya shangazi yangu. Nilikuwa binti mwenye kichwa kigumu na sauti nzuri. Nzuri kweli, sitajifanya mnyenyekevu.

Miaka ile ya tisini fundi redio wa Majengo alinirekodia kanda ya soul, ule muziki wa Wamarekani weusi, nikaisikiliza mpaka ikaanza kukwaruza. Nikataka kuimba hivyo tu, polepole, kwa kulialia. Bendi yetu ya harusi ilitaka nyimbo za kuchezeka, zinazovuma redioni. Jumamosi iliyotangulia, kwenye harusi Kibaoni, niliimba za kwangu na watu wakarudi kukaa. Kiongozi wa bendi akaniambia nikirudia tena, basi, ananitoa. Niliumia sana. Nikaapa ni heri niache kuimba kuliko kuimba za redioni.

Sasa pale shambani, shangazi ndiye aliyetuongozea nyimbo za kupalilia. Akachoka, akanipa zamu. Neno la kwanza tu nikalivuta, nikalipandisha, nikalishusha, macho nimefumba. Nilipofumbua, wanawake wote wamesimama, majembe juu, wananisubiri nimalize.

"We mtoto, mikono inatuuma," shangazi akasema. "Unatuimbia sisi au unajiimbia mwenyewe?"

"Lakini shangazi, wimbo wenyewe ni wa kulia."

"Lia, nani kakukataza? Ila jembe likishuka, na wewe uwe umeshuka."

Wakacheka, nami nikaona aibu. Kisha akaimba yeye, wimbo wa kumlilia marehemu mume wake. Machozi yalinitoka, na jembe langu halikusimama hata mara moja.

Harusi iliyofuata niliimba wimbo wa redioni kwa mwendo wake, kilio changu nikakiweka humo humo ndani. Watu walicheza. Mama mmoja alicheza huku anafuta macho kwa kanga. Kiongozi wa bendi alinisogezea maiki niimbe na wa pili.

Leo prodyuza wako anataka wimbo wa kuchezeka, nawe umenuna wiki nzima. Nenda, mwanangu. Mpe mwendo anaoutaka, lakini sauti yako asikubadilishie mtu. Na usiimbe ukasahau kuna watu wameinua majembe wanakusubiri.

Mungu akutunzie koo hilo. Kila utakapofumba macho kuimba, ukifumbua uwakute bado wako na wewe.