Kura Niliyoila Mkolani

Leo binti wa darasa la sita amenitoa jasho mbele ya darasa zima.

Mwalimu wao wa Kiswahili hapa Mkolani aliniita niwasomee hadithi. Anasema wanafunzi wake wanasoma mbio kama wanafukuzwa, ukiwauliza wamesoma nini, hawajui. Hakuuliza mimi niliishia la ngapi. (La nne, na kwa mbinde.)

Nikasoma kwa mbwembwe: "Wanakijiji walijipanga kupiga kula. Kila mmoja akatumbukiza karatasi yake sandukuni."

Ulimi wangu na herufi r havijawahi kupatana.

Akasimama yule binti, Nyamizi, ambaye mwalimu alishaninong'oneza kwamba tangu mwaka uanze hajajibu swali hata moja.

"Shikamoo babu. Hapo si kula. Ni kura."

Mwalimu akafoka: "Unamkosoa mzee? Toka nje!"

Mtoto akaanza kuelekea mlangoni. Nikaona kabisa, akitoka pale hafungui mdomo tena.

"Subiri, mwalimu. Wewe binti, kitabu ninacho mimi. Umejuaje?"

"Umesoma walitumbukiza karatasi sandukuni, babu. Chakula gani hicho?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu bado amekunja uso. Ningeweza kusingizia miwani, jamani!

"Mwalimu, mwache. Nimekosea mimi, yeye ndiye aliyeelewa. Njoo umalizie, mjukuu wangu, mimi nimeshiba."

Akasoma ukurasa mzima, taratibu. Wenzake wakaanza kubishana kati ya wagombea wawili wa ile hadithi yupi ni mwongo, mpaka mwalimu naye akachagua upande.

Haya, nyie mliofika vyuoni: mngekubali kosa, au mngemwacha atoke?