Raba Iliyobaki Juu

Nina ndugu wawili wa kiume, wote mafundi wa magari, na kama umri wao ungeruhusu ningewachapa fimbo hadharani. Mmoja ni mkubwa kwangu, namwita Kaka, na mtaa mzima unamwita Kaka. Wa pili ni kitinda mimba wetu, naye anaitwa Redio kwa sababu hazimiki. Mimi niko katikati. Ni dereva wa teksi, teksi yangu mwenyewe, niliyoipata baada ya kuendesha za watu mpaka mgongo ukapinda. Gari hilo ndilo linalonilisha tangu nilipoachika, na ndilo walilokaribia kuniulia.

Gereji aliiacha marehemu baba. Mabati juu, sakafu ya saruji iliyogeuka nyeusi kwa oili, meza ndefu ya mbao yenye jiriwa ya kubania vyuma pembeni, na mnyororo wa kunyanyulia injini unaoning'inia kwenye chuma cha dari. Baba aliacha pia sheria moja: anayefungua hafungi. Kaka akifungua kitu, Redio ndiye atakayekifunga, na Redio akifungua, atafunga Kaka. Baba alikuwa akisema jicho lililofungua limeshazoea, halioni tena, acha jicho la pili lipite. Sheria nzuri kabisa. Ila baba aliitunga kwa watu wanaozungumza.

Hawa hawazungumzi. Hawajasalimiana tangu baba afariki, na ukitaka kujua chanzo, shika moyo: jeki. Si mke, si shamba, jeki. Redio alimwazima rafiki yake jeki ya baba, rafiki akahama nayo, Kaka akasema neno, Redio akarudisha kumi, na mlango ukafungwa hapo. Haukupita muda mama naye akaugua. Akawaita kitandani, mmoja huku, mmoja kule, akawaambia hataki kitu kingine duniani ila asikie mmoja akimwita mwenzake. Kaka akainama, akawa anatazama viatu vyake. Redio, mtu anayeongea hata na nzi, akageukia dirishani. Mama akafa anasubiri. Mimi ndiye niliyemfumba macho, kwa hiyo mtu asiniambie kwamba nina hasira za karibu.

Watu walinishauri: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Nikalima. Lakini gereji wamerithi wote, hakuna aliyekubali kuondoka, basi wakabuni njia yao. Wanaongea na magari. Kaka anasimama mbele ya boneti, anasema, "Gari hili breki za nyuma zimekwisha." Redio yuko pale pale, anasikia, anakwenda kuchukua breki. Redio naye analiambia tairi, "Wewe, nati zako hazijakazwa." Nami nikiwepo, mimi ndiye gari. "Dada, mwambie huyo asogee." Huyo mwenyewe ukinyoosha mkono unamgusa. Wateja wanacheka, wanadhani ni utani wa mafundi. Mimi nilishaacha kucheka.

Sasa, nilipeleka teksi ibadilishwe oili na filta. Filta nanunua mwenyewe, siwaachii. Muuza spea aliniwekea tatu juu ya kaunta, akaniambia nichukue yoyote, filta zote ni filta.

"Na wanaume wote ni wanaume," nikamwambia, "lakini si wote unaowaachia funguo za nyumba."

Nikaanza kuchagua. Kwa asiyejua, filta ya oili ni kopo tu. Lakini ndani ya kopo hilo ndimo oili inamochujwa uchafu kabla ya kuzunguka kwenye injini, na kopo bovu linaua injini nzima. Ya kwanza nilipoinyanyua ilikuwa nyepesi, kama haina kitu ndani, nikaisukuma pembeni. Ya pili rangi yake ilipendeza, lakini raba ya mdomoni, ile pete nyeusi inayozuia oili isivuje, ilikuwa kavu kama kwato. Ya tatu ilikuwa na uzito wake, raba laini, nyuzi za chuma za kufungia zimekatwa safi. Nikalinganisha namba yake na ile ninayotumia siku zote, nikaichukua.

Kule gereji, Kaka aliingia chini ya gari, akamwaga oili chafu, akaizungusha filta ya zamani kwa ule mkanda wa kufungulia aliotuachia baba, akaitoa. Mimi nilikuwa nje kwenye bomba, nafua vitambaa vya viti. Dereva mmoja wa lori akamwita Kaka nje, naye Kaka akatoka. Redio akaja, zamu yake ya kufunga. Akaipaka raba mpya oili kwa kidole, akaizungusha filta kwa mkono mpaka ikakaa, akaikaza kidogo tena kwa mkono, bila spana, kama inavyotakiwa. Akajaza oili, akawasha, akachungulia chini. Pakavu. Akanisimulia habari za mteja aliyemimina oili kwenye rejeta, panapowekwa maji, nikacheka mpaka machozi, nikaondoka zangu.

Siku zilizofuata gari lilikwenda vizuri. Halafu nikambeba mwalimu mmoja mstaafu, mteja wangu wa muda mrefu, nampeleka kliniki ya macho. Tulipokuwa tunapanda mlima, taa nyekundu ya oili ikawaka. Kabla sijapata pa kuegesha, injini ikaanza kugonga, kelele kama sufuria iliyotiwa misumari, ikazima. Nikashuka, nikatazama nyuma. Mstari mweusi ulikuwa umetoka chini kabisa ya mlima mpaka kwenye bampa langu. Oili yangu yote ilikuwa barabarani. Mwalimu akatoa kichwa dirishani, akaniuliza kama tumefika.

Gari likavutwa kwa kamba mpaka gereji. Na hapo niliona maajabu. Watu wasiokubaliana hata juu ya saa ya kula walikubaliana. Kaka alinivuta upande wa meza: "Mdogo wangu, hiyo filta uliyonunua ni feki." Redio akanivuta upande wa mlango: "Dada, usinune, lakini filta walikuuzia bandia." Yaani kosa ni langu. Injini imekufa, mkate wangu umekatika, na mwenye kosa ni mimi niliyesimama kaunta nikichagua kama ninayechagua mchumba.

Sikuwajibu. Nilichukua mkanda wa baba, nikaingia chini ya gari na nguo zangu hizo hizo, nikaifungua filta mwenyewe.

Zilitoka raba mbili.

Filta ina raba moja. Hii nyingine ilikuwa ya filta ya zamani, bapa, ngumu, iliyogandia kwenye injini siku ile Kaka alipofungua, na Redio akafunga mpya juu yake. Raba juu ya raba haishiki. Inakudanganya kwa muda, unawasha, unachungulia, unaona pakavu, halafu siku injini ikifanya kazi ya nguvu oili inaisukuma nje. Hilo hakuna fundi asiyelijua. Mimi si fundi na nalijua.

Nikaziweka mezani, karibu na jiriwa, moja kando ya nyingine.

"Nani?" nikauliza.

Kaka akaigusa ile ngumu. "Mimi niliona kwamba imebaki," akasema. "Na nilisema. Nilisimama hapa hapa nikasema, raba ya gari hili imebaki juu. Ndipo nikaitwa nje."

"Ulimwambia nani?"

Akafuta mikono kwenye ovaroli.

"Kaka, nakuuliza kwa heshima zote. Ulimwambia nani?"

"Nililiambia gari," akasema.

Nikamgeukia Redio. Moyoni nilikuwa namwombea. Kompresa ya pale, mashine ya kujazia upepo, ina kelele, lori lilikuwa linanguruma nje, angeniambia hakusikia ningeamini, yangeisha.

"Nilisikia," akasema.

"Ulisikia."

"Nilisikia, dada. Lakini hakuniambia mimi. Nikasema moyoni, kama ni jambo la maana, atakuja aniambie mimi."

Jamani. Nimeishi na mume mlevi, nimetukanwa na abiria, nimewahi kuvunjiwa kioo nikiwa nasali. Sijawahi kupandwa na hasira kama ile. Niliutupa mkanda wa baba ukagonga bati. Nikawaambia kwamba mmoja ni jiwe na mwingine ni debe tupu, na kwamba baba angefufuka angeanza kwa kuwanyang'anya spana. Nikawaambia injini watatafuta wao, watafunga wao, na mtu asithubutu kuniambia tena "mwambie". Mimi si gari. Nikatoka nikaenda nyumbani kwa miguu.

Wakaitafuta. Walipata injini ya gari la aina hiyo hiyo lililogongwa ubavuni, nzima kabisa. Mimi nilikaa nyumbani nikiona wateja wangu wanapita ndani ya teksi za wengine. Hata mwalimu alipita, akanipungia mkono, sijui alinifananisha na nani. Kila nilipofikiri kwamba gari huenda lisinyanyuke tena, nilirudi kwenye neno lile lile: nilisikia. Afadhali hata angekuwa kiziwi.

Siku ya kufunga nilikwenda, nikakaa juu ya tairi kuukuu, mikono nimeikunja. Kaka alikuwa kwenye mnyororo, anaiteremsha injini polepole. Redio alikuwa upande wa pili, mkono mmoja umeingia chini, anaielekeza injini ikae kwenye miguu yake, vile vyuma vinavyoibeba. Kaka asingeweza kuuona mkono ule, injini ilikuwa katikati yao. Katika kazi hiyo zamani nilikuwa nasimama kati, huyu ananiambia mwambie ashushe, yule ananiuliza nishushe, nami napeleka na kurudisha. Wote wawili wakanitazama. Nikabana midomo.

Kaka akashusha kidogo. Akashusha tena.

"Dada," akasema Redio, "mwambie asimame."

Nikatazama mabati.

Kaka alisikia. Nilimwona kabisa kwamba alisikia, na mkono wake ukasita. Lakini macho yake yalikuwa kwangu, anasubiri neno lipitie kwangu kwanza, kama ilivyo desturi ya wendawazimu wale, na katika kusita kule mnyororo ukateleza pingili nyingine. Nilifungua mdomo, na sijui ningesema nini, kwa sababu Redio aliniwahi.

"Kaka," akasema. "Mkono wangu."

Mnyororo ukasimama. Kaka akauvuta kwa nguvu zake zote, injini ikapanda, naye akawa anapumua kama aliyekimbizwa.

"Utoe," akasema. "Utoe polepole, mdogo wangu. Umeumia?"

"Kidogo. Ngozi tu."

Vidole viwili vilikuwa vimechubuka, vinatoka damu. Kaka akafunga mnyororo, akamfunga vidole kwa kitambaa safi. Kisha wakaendelea. Shusha. Simama. Kulia kidogo. Hapo hapo. Nilikuwa nawasikia wakiongea kama mtu anayesikia lugha aliyoisahau.

Filta nilikuwa nimeinunua kwa muuza spea yule yule, aina ile ile. Kaka aliingia chini, akaifungua ile iliyokuja na injini, akafuta pale inapokaa kwa kitambaa, akapitisha kidole pande zote. Akatoka. Hakusimama mbele ya boneti. Alisimama mbele ya Redio, akamwonyesha ile pete ya zamani ikiwa imevaa kidole chake.

"Raba imetoka," akasema.

"Nimeiona, kaka," akasema Redio.

Akafunga kwa mkono wake mzima. Wakajaza oili, wakawasha, wakaiacha ingurume kwa nguvu, wakachungulia chini wote wawili, vichwa vimegusana. Pakavu. Wakasimama, wakanitazama wakitabasamu, wanangoja niwasifu.

Nilipaswa kufurahi. Gari langu limepona, kazi yangu imerudi, ndugu zangu wamezungumza. Badala yake hasira ilinipanda upya, mbaya kuliko ya mwanzo. Neno lenyewe kumbe ni jepesi hivyo. Kaka. Mama aliliomba kwa machozi akanyimwa, ngozi ya vidole viwili imelipata mchana mmoja.

"Pandeni," nikawaambia.

"Wapi, dada?" akauliza Redio. "Tuna gari la mtu la kumaliza."

"Nimesema pandeni. Wote wawili, nyuma."

Wakapanda na maovaroli yao, wakapaka viti vyangu oili, sikujali. Sikuwasha redio, wala yule Redio mwingine hakuthubutu kusema. Niliendesha mpaka makaburini, nikawashusha, nikatangulia mbele mpaka kwa mama. Majani yalikuwa yameota juu yake. Nikawasimamisha, mmoja huku, mmoja kule, kama alivyowasimamisha yeye.

"Semeni," nikawaambia.

Kaka akaangalia viatu vyake. "Tuseme nini, mdogo wangu?"

"Lile lile mlilolisema pale kwenye injini."

Kisha Redio akafuta pua kwa kitambaa cha vidoleni, akasema, "Kaka." Sauti ilitoka nyembamba, ya mtoto.

"Naam, mdogo wangu," akasema Kaka, naye sauti yake karibu haikusikika.

"Rudieni kwa nguvu," nikawaambia. "Mwishoni masikio ya mama yalikuwa mazito."