Wenyeji wa Ndani ya Mgomba

Kazini walimwita Bi Spiriti, na jina hilo hakulikataa. Alinukia spiriti tangu asubuhi hadi anapopanda kitandani, na mumewe, fundi baiskeli ambaye grisi haikumtoka kuchani, alimtania kwamba siku moja atawasha kiberiti jikoni na nyumba nzima ilipuke.

Kazi yake ilikuwa kukata migomba. Si shambani, bali katika chumba cheupe chenye mashine ya kuchuja hewa, ambamo kila mche, mfupi kama kidole, uliishi ndani ya chupa yenye jeli ya sukari. Bi Spiriti alijipaka spiriti mikononi kuua vijidudu, akautoa mche, akaugawa kwa kisu kilichopitishwa motoni, akavitia vipande katika chupa mpya, na kila kipande kikawa mgomba. Uchafu kidogo ukiingia, ukungu hutambaa juu ya jeli na chupa huenda kuchemshwa na kumwagwa. Chupa za wenzake zilimwagwa mara kwa mara. Zake, nadra mno, na hakuona haya kulisema hilo.

Ndiyo maana asubuhi moja, aliposimama mbele ya rafu yake, damu ilimchemka. Chupa baada ya chupa, jeli ilikuwa na weupe kuzunguka shina, kama maji yaliyodondoshewa maziwa.

"Leo na wewe umo," alicheka mwenzake wa meza ya pili. "Karibu chamani, dada."

"Sijaingia chama chochote. Mikono yangu naijua."

Akabeba trei nzima hadi kwa mkuu wa maabara, mwanamke wa umri wa binti yake wa kwanza, ambaye wote walimwita Daktari.

"Daktari, nipime."

"Nikupime nini tena, mama? Unaumwa?"

"Nipime mikono. Pima na kisu changu, na hewa ya mezani kwangu. Halafu upime huu mche, ndani kabisa. Ikiwa ni mimi, nitaosha chupa zote za jengo hili peke yangu."

Daktari aliinua chupa kwenye mwanga. Weupe ulianzia penye shina tu, na miche yenyewe ilikuwa imesimama imara, kijani kibichi. "Haya," alisema, "hata mimi nataka kujua."

Wakamimina jeli kwenye visahani. Kimoja Bi Spiriti alikibonyeza kwa vidole, kingine akakigusa kwa kisu, kingine kikaachwa wazi mezani kwake. Katika cha mwisho Daktari aliweka kipande cha moyo wa shina, baada ya kuliosha vizuri kwa nje. Kisha wakasubiri, na nyumbani Bi Spiriti akawa hashikiki. Alipiga deki sakafu iliyokwisha kupigwa deki.

"Mama watoto," mumewe alimwambia, "wewe hukukosea. Sasa sakafu nayo imekosa nini?"

Visahani vilipofunuliwa, vile vya vidole, kisu na hewa vilikuwa safi, havina kitu. Weupe wa maziwa ulikuwa kwenye kile cha shina.

"Vijidudu hawa walikuwamo tangu kwenye mgomba mama tuliouchimba shambani," Daktari alimweleza. "Wanaishi ndani ya mmea bila kuudhuru. Mimea mingi ina wa namna hiyo."

"Mbona wamejitokeza leo?"

"Tumewapikia, mama. Huko ndani hawapati sukari kama ya jeli yetu. Wameshiba, wakazaana, wakatoka nje."

Bi Spiriti alivuta kiti, akaketi. Miaka yote alijiona mpiganaji wa vijidudu, kumbe alikuwa akiwakata na kuwapanga rafuni kwa mikono yake mwenyewe. Akaangua kicheko. "Kwa hiyo nimekuwa nikiwalea?"

"Na umewalea vizuri."

Lakini kanuni ilisema chupa yenye weupe itupwe, na Daktari alisita. Bi Spiriti hakusita. "Kanuni hiyo ni ya uchafu, na hawa umesema si uchafu. Hakikisha hamna ugonjwa, kisha nipe pembe ya kitalu. Miche hii upande mmoja, ile isiyo na weupe upande mwingine. Ikidhoofika, nitaing'oa mwenyewe."

Ugonjwa haukuonekana. Miche ikapandwa, na mwanzoni ile ya weupe ilizubaa, majani yamelegea. Wenzake walimtazama kwa jicho la pembeni. Alimwagilia, hakung'oa hata mmoja. Mizizi iliposhika udongo, miche ikanyanyuka yote, na usingejua upi ni upi bila kusoma vibao. Tangu hapo jeli ikapunguzwa sukari, na chupa yenye weupe hupimwa kwanza kabla ya kuhukumiwa.

Mnunuzi wa kwanza alikuwa bibi mmoja mkulima, mwenye maswali mengi.

"Nasikia miche yenu hii ina wadudu ndani."

"Wadudu hamna, bibi," Bi Spiriti alijibu. "Kuna vijidudu wasioonekana, na wamo hata katika migomba yako ya nyumbani, inayokulisha miaka yote hii."

Bibi alimkazia macho, akainama, akaanza kuchagua mikubwa.